Ulinzi Uanzie Mwisho wa Mnyororo

Mhadhara kwa wafanyabiashara, mafundi, wenye mashine za kusaga na vijana wa Lilongwe na Dzaleka, uliotolewa Kauma



Nimepewa kuzungumzia usalama wa uzalishaji na ugavi katika zama hizi ambazo mashine, maghala, bandari, benki na simu zimeunganishwa. Kwa kawaida mada hii hujadiliwa kwenye kumbi za hoteli, mbele ya wakurugenzi na wataalamu wa kompyuta, na huko macho yote huelekezwa makao makuu: kwenye seva, kamera na walinzi wa getini. Nimefurahi kwamba leo tunaijadili Kauma. Hapa ndipo yalipo mabwawa ya kusafishia maji taka ya jiji la Lilongwe, na watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kwamba kosa lililofanyika juu ya bomba huonekana chini yake. Wenzetu wa Dzaleka, wilayani Dowa, wanalijua hilo pia. Kambi yao ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Bei ikipanda Dar es Salaam, lori likikwama Songwe au mtandao wa simu ukizimika, Dzaleka hulipa.

Hoja yangu ni moja, na ninaitoa mapema ili mnipime nayo. Mnyororo wa ugavi haulindwi kwa kulinda kichwa chake peke yake. Unalindika pale mtu wa mwisho, yaani mwendesha mashine, mwenye kibanda, dereva, mama anayesubiri unga, anapohesabiwa tangu siku mfumo unapochorwa. Alipohesabiwa, mfumo umestahimili misukosuko. Aliposahauliwa, hasara imemwangukia yeye, na mara nyingi mvamizi amepitia hapo hapo alipoachwa.

Njia inayotulisha

Malawi haina pwani. Bidhaa zetu hupitia Beira na Nacala nchini Msumbiji, nyingine Durban, nyingine Dar es Salaam. Tuifuate njia ya Dar, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnaifahamu kwa miguu na kwa mfuko. Mfanyabiashara wa Lilongwe ameagiza vipuri vya mashine ya kusaga: puli, mikanda, nyundo za kinu, mota moja. Kontena linashuka bandarini. Kabla halijaguswa, taarifa zake zimeingia TANCIS, mfumo wa forodha wa Tanzania. Mzigo unapita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, unateremka Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu na Songwe. Hapo Mamlaka ya Mapato ya Malawi inausoma kwenye mfumo wake wa ASYCUDA, ushuru unalipwa benki, benki inatoa uthibitisho, na ndipo geti linafunguliwa. Lori linapita Karonga, linapanda milima ya Chiweta, linafika Mzuzu, Kasungu, na hatimaye Lilongwe.

Angalieni jinsi safari hii ilivyo mbili ndani ya moja. Kuna safari ya mzigo, yenye matairi na dizeli. Kuna safari ya taarifa, isiyoonekana, na kila mahali hiyo ndiyo inayotangulia. Barabara inaweza kuwa kavu, dereva mzima, mafuta yapo, lakini kompyuta isipotoa kibali, lori halisogei. Kwa hiyo mtu akitaka kusimamisha mota ile, hana haja ya kuteka lori njiani. Inatosha azime taarifa yake.

Tumeshaona dalili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania iliumia sana, na Malawi nayo ikaguswa ingawa iko mbali na bahari, kwa sababu intaneti yetu nayo hupita kwa majirani, sawa na dizeli yetu. Julai 2021 wadukuzi walivamia Transnet, shirika linaloendesha bandari na reli za Afrika Kusini. Makontena ya Durban yalikwama kwa siku kadhaa, na shirika likalazimika kutangaza kwamba halingeweza kutimiza mikataba yake ya kupakia na kupakua. Wafanyakazi walirudi kwenye karatasi. Wakati huohuo foleni za malori zilirefuka na matunda ya wakulima yalikuwa yakisubiri meli.

Dzaleka nako taarifa imetangulia mzigo. Msaada wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ambao zamani ulikuja kama mahindi, uligeuzwa kuwa pesa. Mabadiliko hayo yana heri yake, kwani mama huchagua anunue nini na soko la kambi hupata uhai. Lakini tangu siku ile, sufuria ya familia imeunganishwa na mtandao wa malipo. Ghala likiwa limejaa na mtandao umezimika, mtoto atalala bila kula kando ya duka lenye unga.

Somo la mita

Sasa niwaonyeshe mfumo mmoja uliomhesabu mtu wa mwisho. Mnao nyumbani: ni mita ya umeme ya kulipia kabla. ESCOM wanaitumia hapa, Kenya Power wanaitumia kule, na TANESCO wameiita LUKU. Karibu zote hufuata kiwango kimoja kiitwacho STS, kilichozaliwa Afrika Kusini na kuenea duniani.

Unaponunua yuniti kwa Airtel Money au Mpamba, unapewa tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo kuna kiasi ulicholipia, na kuna muhuri wa wakati: hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yako. Mita ya jirani ikipewa tokeni yako, itaikataa. Ukiiingiza mara ya pili, mita itaukumbuka ule muhuri na kukataa. Kumbukeni pia kwamba mita haihitaji intaneti hata kidogo. Taarifa inabebwa na mtu, kwa karatasi au kwa simu, na kuingizwa kwa kidole.

Mfumo huu ulikuwa na kasoro iliyojulikana tangu mwanzo. Nafasi iliyotengewa hesabu ya dakika hubeba dakika 16,777,216 tu, sawa na karibu miaka 32. Zingekwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena tokeni mpya, iwe Soweto, Mwanza au Lilongwe. Hapakuwa na namna ya kuzibadilisha kutoka ofisini, kwa sababu mita hizo haziko mtandaoni. Kila mteja alipaswa kupewa tokeni mbili za kubadilisha ufunguo, na kuziingiza mwenyewe kabla ya ile ya yuniti.

Hapa Lilongwe nilisimama sokoni nyuma ya mwenye mashine ya kusaga mmoja siku alipofanya kazi hiyo. Binti yake alishika karatasi na kusoma tarakimu nne nne, makundi matano kwa kila tokeni. Baba alibonyeza, akisubiri baada ya kila kundi. Tokeni ya kwanza ilikataliwa. Alikuwa ameweka sita mahali pa tisa. Akarudia taratibu zaidi. Ikakubali, kisha ya pili ikakubali, kisha za yuniti, na mota ikanguruma. Wateja waliokuwa wameketi juu ya ndoo zao walipiga makofi.

Nimeikumbuka siku ile mara nyingi, kwa sababu mamilioni ya vifaa vya umeme katika nchi nyingi vilibadilishwa namna hiyo, na vingi vilibadilishwa na vidole vya watu kama yeye. Ndani yake mna mambo manne ambayo sasa nitayatumia kama kipimo. Kwanza, kifaa cha mwisho huendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Pili, kila kifaa kina ufunguo wake, hivyo kuvunjwa kwa kimoja hakufungui vingine. Tatu, taarifa ikishatumika haitumiki tena, na ya kughushi hukataliwa. Nne, mtumiaji aliambiwa mapema na kupewa kazi anayoiweza.

Kipimo cha kwanza: njia ya mkono

Februari 2024 uchapishaji wa pasipoti ulisimama hapa Lilongwe. Tarehe 21 mwezi huo Rais wa wakati ule, Lazarus Chakwera, aliliambia Bunge kwamba mfumo wa Idara ya Uhamiaji umedukuliwa, kwamba wadukuzi wanadai fedha, na kwamba serikali haitawalipa. Msimamo wa kutolipa ulikuwa sahihi. Kulipa kungewaalika wengine. Ila aliyebaki njiani ni nani? Ni kijana mwenye mkataba wa kazi Ghuba unaokaribia kuisha muda. Ni dereva wa lori ambaye bila pasipoti havuki Songwe. Pasipoti ya dereva nayo ni kipuri cha mnyororo wa ugavi, sawa na tairi.

Linganisheni na Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye kompyuta za makampuni matatu ya kusambaza umeme. Waendeshaji waliona vishale vya kompyuta zao vikisogezwa na mkono wasioujua, vikizima kituo baada ya kituo. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme katika majira ya baridi. Lakini baada ya saa chache umeme ulirudi, kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono. Swichi za mkono zilikuwapo, na watu waliojua kuzitumia walikuwapo. Hivyo viwili ndivyo vilivyowaokoa.

Ninasema hivi kwa sababu kila mradi wa kidijitali unaoletwa kwetu huanza kwa kuwaondoa watu wa zamani na daftari zao. Karani anayejua kuandika hati ya mzigo kwa kalamu anastaafishwa. Fundi anayejua kufungua vali kwa mkono anahamishwa. Baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka. Njia ya mkono isiyofanyiwa mazoezi haipo, hata kama imeandikwa katika kitabu cha taratibu.

Kipimo cha pili: mlango wa jirani

Mwishoni mwa Februari 2022, kampuni ya Kojima nchini Japani ilivamiwa na wadukuzi. Kojima hutengeneza vipande vya plastiki vya ndani ya gari. Tarehe 1 Machi, Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 nchini humo, mistari 28 ya uzalishaji. Toyota haikuvamiwa. Ilisimama kwa sababu huagiza vipande kwa kadiri vinavyohitajika, na jirani yake mdogo hakuweza tena kupokea oda. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka 2017 njia ilikuwa nyingine. Programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, inayotumiwa na makampuni mengi ya Ukraine, ilipokea sasisho lililotiwa sumu. Kirusi kikapita humo hadi kwenye mtandao wa Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena, na tarehe 27 Juni kompyuta zake zikafa duniani kote. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 250 hadi 300. Ilielezwa baadaye kwamba nakala moja ya orodha kuu ya mtandao ilinusurika katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na mashine hiyo haikuwa imeunganishwa kirusi kilipopita. Kampuni ilijengwa upya kutokana na nakala hiyo.

Watu hulisimulia tukio hilo la Ghana kama bahati. Mimi nalichukua kama agizo. Kilichotokea kule kwa ajali kinapaswa kufanywa kwa makusudi: nakala moja ya kila kilicho muhimu ikae mahali ambapo mtandao haufiki. Kwa mwenye duka la jumla Lilongwe, hiyo ni diski inayochomolewa kila jioni, au daftari la wadeni linalolala nyumba nyingine. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja la sukari.

Na msidhani kwamba kwa kuwa ninyi ni wadogo hamlengwi. Ninyi ndio mlango wa jirani. Wakala wa forodha mwenye kompyuta moja, anayetumia nywila moja kwa barua pepe, benki na mfumo wa forodha, ameshika mizigo ya wateja hamsini. Akiibiwa nywila hiyo, wameibiwa wote.

Kipimo cha tatu: taarifa ya uongo

Wizi unaotusumbua zaidi hauhitaji ufundi mkubwa. Mteja ananunua mafuta ya kupikia madumu kumi, simu ya muuzaji inalia, ujumbe unasema pesa imeingia. Madumu yanapakiwa. Jioni muuzaji anaangalia salio: hakuna kitu. Ujumbe ulitumwa na mtu, haukutoka kwenye mfumo. Dawa yake ni ya mita: usikubali taarifa kwa sura yake. Salio lako ndilo shahidi. Angalia salio kwanza, kisha fungua mlango wa ghala.

Mbaya zaidi ni ule wa akaunti iliyobadilika. Umefanya biashara na wakala wa Dar kwa miaka. Siku moja unapata ujumbe wenye jina lake na picha yake: benki yetu ina tatizo, safari hii tuma kwenye akaunti hii nyingine. Pesa ikishatumwa, haionekani tena. Weka sheria nyumbani mwako, na mfundishe kijana unayemwachia duka: akaunti ikibadilika, mpigie mtu huyo kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, msikie sauti yake, muulizane jambo mnalolijua wawili. Wala usione haya kwamba utaonekana humwamini. Rafiki wa kweli wa biashara atakushukuru.

Kipimo cha nne: anayetambuliwa

Hapa nazungumza kwa niaba ya ndugu zetu wa Dzaleka, na naomba wenye mamlaka wanisikilize. Huwezi kumwambia mtu mapema na kumpa kazi anayoiweza kama humtambui. Malawi imeweka sheria ya kusajili laini za simu, na nia yake ni njema: kila laini ijulikane ni ya nani. Lakini mtu asiye na kitambulisho kinachokubalika haachi kutumia simu. Hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Pesa yake imo kwenye jina la mwingine, na mwingine huyo akifariki, akihama au akimgeuka, mwenye pesa hana pa kushtaki. Wakati huohuo daftari la mtandao limejaa majina yasiyo ya watumiaji wenyewe. Sheria iliyokusudiwa kuondoa giza imeliongeza, kwa kuwa mtu wa mwisho hakuhesabiwa.

Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na Mei mwaka huo maduka mengi ya mitaa yetu yalifungwa. Kila nchi ina haki ya kuweka taratibu zake. Ninachowaomba wapangaji wakione ni hiki: duka la mtaa ni kiungo cha ugavi. Liliwakopesha majirani unga, liliwafungulia usiku, lilijua nani ana mgonjwa. Ukilifunga kwa siku moja, umekata mnyororo kwa uhakika kuliko mdukuzi yeyote. Ndivyo ilivyokuwa pia Aprili 2025, Tanzania na Malawi zilipozuiliana mazao: magari yalikwama mpakani kwa barua, si kwa kirusi, na ndizi hazikujua tofauti. Mpango wa usalama wa ugavi unaohesabu virusi na kusahau amri za ghafla umehesabu nusu.

Mkono ulio kwenye mkanda

Mita ilitupa vipimo vinne, lakini kuna kimoja haikutupa. Inalinda umeme usiibiwe. Haimlindi mtu.

Januari 2022 Dhoruba Ana ilibomoa ukingo wa bwawa la Kapichira kwenye mto Shire. Kituo cha umeme cha hapo huzalisha megawati zipatazo 130, karibu theluthi ya umeme wote wa nchi wakati ule. Nchi nzima ilikuwa gizani, na kwa zaidi ya mwaka mgao wa umeme ukawa mkali. Sasa ingieni nami katika chumba cha mashine ya kusaga. Umeme umekatika, kinu kimesimama na mahindi yamekwama ndani. Kijana anatoa mkanda ulioteleza kwenye puli, anaingiza mkono kuukaza. Swichi ya ukutani imebaki imewashwa, maana aliyekata umeme si yeye. Bila onyo, umeme unarudi. Mota inaanza yenyewe.

Kidole kinachokatwa hapo kimekatwa na nani? Dhoruba, bwawa, gridi, swichi na mkono ni mnyororo mmoja. Na dawa inapatikana dukani: starta yenye sumaku. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, na umeme ukirudi mota haianzi mpaka mtu abonyeze kitufe. Ukiongeza kinga ya chuma juu ya mkanda, umemaliza sehemu kubwa ya hatari. Sheria ya Malawi ya usalama, afya na ustawi kazini ipo tangu mwaka 1997, na inamtaka mwenye mashine azifunike sehemu zinazozunguka. Hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji mkaguzi afike sokoni, na mwenye mashine aone aibu kuajiri mtoto wa mwenzake kwenye mkanda ulio wazi.

Wenzetu wa viwanda vikubwa nao wamejifunza kwamba ulinzi wa kompyuta na usalama wa mwili havitenganishwi. Agosti 2017, katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, wavamizi waliingia kwenye mfumo ambao kazi yake ni moja tu: kusimamisha mitambo kabla haijalipuka. Kwa bahati programu yao ilikuwa na kosa, mitambo ikajizima, na njama ikagunduliwa. Kwenye uso wa kifaa kinachoendesha mfumo huo kuna ufunguo wa chuma wa kuzungushwa kwa mkono. Ukiwa upande wa kazi, programu yake haibadilishwi. Ulikuwa umeachwa upande wa kuandika programu. Vijana wetu walioko Ghuba, wakisimama zamu mbele ya mitambo kama hiyo, wajue kwamba kuuzungusha ufunguo ule mahali pake ni ulinzi sawa na kazi ya mtaalamu yeyote wa mtandao.

Na hapa Kauma jambo ni lilelile. Maji ya Lilongwe hutoka mabwawa ya Kamuzu, kisha husafishwa na kusukumwa kwa umeme. Pampu zikisimama, mgandamizo ndani ya bomba hushuka, na palipo na ufa, uchafu wa nje huingia. Klorini inayoua vijidudu huja kwa lori, na haisogei bila kibali na bila fedha za kigeni. Katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza 2022, zaidi ya watu 1,700 walifariki nchini, kati ya wagonjwa zaidi ya 58,000. Sababu zilikuwa nyingi, mafuriko na umaskini zikiwamo. Lakini anayepanga usalama wa maji na kuanza na seva bila kuanza na ndoo ya mama, ameanzia mahali pasipofaa.

Tufanye nini, tudai nini

Kwetu wenyewe, kazi ni za wiki hii. Mwenye mashine anunue starta na kinga ya mkanda kabla ya kununua spika za muziki. Mwenye duka aweke nakala ya madeni yake nje ya simu. Wakala awe na nywila tofauti kwa benki na kwa forodha, na asimwachie mwingine ile ya benki kwa sababu amechelewa kazini. Vijana mliosoma kompyuta Dzaleka, pitieni maduka na mashine, mwandikie kila mmoja kwa Kiswahili na kwa Chichewa karatasi moja ya mambo ya kufanya umeme, mtandao au mfumo wa malipo unapozimika. Kisha mfanye mazoezi: nusu siku kila baada ya miezi mitatu, uzeni na kuandika bila simu, muone mnakwama wapi.

Kwa wenye mamlaka na mashirika, madai yetu ni haya. Malawi ina sheria ya miamala ya kielektroniki na usalama wa mtandao ya mwaka 2016, ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2024, na chini ya MACRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, kuna kikosi cha kushughulikia mashambulizi ya mtandao. Mambo hayo ni mazuri, na tunataka yashuke hadi sokoni. Mfumo wa serikali ukidukuliwa, tuambiwe siku hiyohiyo nini kimesimama na tutumie njia gani mbadala. Mkataba wowote wa mfumo wa forodha, malipo, maji au umeme uwe na kifungu cha njia ya mkono, chenye jina la ofisi inayohusika na tarehe ya zoezi la mwisho. Shirika linalogawa msaada kwa mtandao liwe na akiba ya kugawa bila mtandao kwa siku chache. Na hati ya mkimbizi ikubalike kwenye usajili wa laini na akaunti, ili mtu asimame kwa jina lake mwenyewe na aulizwe kwa jina lake mwenyewe.

Naomba tusiyaite madai haya huruma kwa wanyonge. Toyota ilisimama kwa sababu ya mtengeneza plastiki, na Maersk ikafufuliwa na ofisi moja ya Afrika. Mnyororo wenye watu wasiotambuliwa, mashine zisizo na kinga na njia zisizo na mbadala ni hatari kwa tajiri wake pia. Mtu wa mwisho akiwa salama, waliomtangulia wote wameshapita salama. Basi kila mradi ujao ukiletwa hapa kwa picha nzuri na maneno makubwa, ninyi wa Kauma na ninyi wa Dzaleka ulizeni swali moja kabla ya kupiga makofi: siku mfumo huu utakapozimika, sisi tutafanya kazi vipi? Msaini baada ya kupata jibu.